Idd Pili na Ngoma Isiyokaa Ndani

Mimi ni mtu wa ndani. Sisemi hivyo kwa majivuno wala kwa aibu. Nasema kama mtu anavyosema ana miguu miwili. Wengine wameumbwa kwa safari. Asubuhi wanapanda basi la Dar, jioni wako Kibiti tena wakilalamikia joto la kule, utadhani la huku limepikwa na mpishi mwingine. Mie nikifika stendi nimesafiri. Nikivuka lami kwenda sokoni kununua nazi, nikirudi nataka kupumzika na kusimulia niliyoyaona.

Majirani wananiita mwali. Huku kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, haonekani, mpaka siku atakapotolewa kwa ngoma na vigelegele. Siku hizi shule zimeyapunguza mambo hayo. Wanawekwa wakati wa likizo, kisha huyo, darasani. Lakini mie, mwanamume mwenye mvi kidevuni na cheti cha kidato cha nne, nimo ndani tangu nilipomaliza shule, na hakuna aliyeniweka.

Nyumba ninayojifungia ni ya babu. Babu alikuwa akifanya biashara ya boriti, akizileta kutoka kwenye mikoko ya delta, na mtu anayeuzia wenzake boriti hawezi kujijengea kwa mianzi. Kwa hiyo dari yake ina boriti nyingi kuliko inavyohitaji, zimebanana kama meno ya mtu anayecheka. Kuta ni za mawe na udongo, nene kiasi kwamba simu haishiki mtandao humo; ukitaka kuongea lazima utoe kichwa dirishani kama ng'ombe. Mbele kuna baraza ndefu inayotazama barabara. Na babu alikuwa na santuri ya kuzungusha kwa mkono, ya kwanza upande huu wa mto kwa mujibu wa familia yetu, ambayo kwa mujibu wake yenyewe ni ya kwanza katika mambo mengi. Siku za Idd aliiweka dirishani, pembe yake ikielekea barabarani, watu wakatoka Mtawanya, wakatoka hadi Mkongo, kuja kujaa barazani na sebuleni kusikiliza. Santuri ilikufa kabla sijazaliwa. Pembe ipo. Kuku wangu mwekundu anatagia humo.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye mtoto wa babu aliyebaki hai, kwa hiyo nyumba ni yake na mimi ni kama pembe ya santuri: nipo tu. Anakaa Dar. Mwaka mmoja alikuja siku chache kabla ya mfungo, tuvunje jungu pamoja. Nilimpikia wali na kamba wa delta. Akala vizuri, akanawa, akajifuta mdomo.

"Baba," akaniita. Nimerithi jina la baba yake, kwa hiyo ananiita baba na kunituma kama mtoto. "Hii nyumba tunaibomoa."

"Tunaibomoa nani?"

"Mie na weye. Mie natoa amri, weye unatoa vyombo vyako."

Alikuwa amekwisha kuipanga yote. Hapa zingesimama fremu za maduka, safu moja, zikitazama lami. Magari ya Lindi na Mtwara yanapita mchana na usiku, akasema, na sisi tumekalia nyumba ya watu wengi waliokufa na mmoja aliyelala.

"Shangazi, hii nyumba ni historia."

"Historia ya nani? Tangu nimefika, aliyepiga hodi hapa ni mbuzi."

Miguu yangu haiendi popote, lakini mdomo wangu umetembea sana. Nikausikia ukisema: "Watu wanakuja. Idd hii nina tamasha la muziki. Humu humu ndani, kama enzi za babu."

"Tamasha."

"Idd pili."

Akanitazama kama mtu anayetazama embe kujua kama lina funza. "Haya. Idd pili, baada ya adhuhuri, ntakuja. Nikiikuta nyumba ya baba yangu imejaa watu kama zamani, siigusi mpaka naingia kaburini. Nikikukuta umekaa peke yako na kikombe chako cha chai, Idd tatu mafundi wako juu ya bati. Umesikia?"

Nilisikia. Kuku alisikia. Akatoka ndani ya pembe na kuondoka.

Mfungo ule niliuona mrefu. Watu wengine walikuwa na kiu. Mie nilikuwa na kiu na tamasha. Wapiga taarabu wote walikuwa na miadi yao ya Idd tangu zamani. Vijana wa kaswida walishachukuliwa na msikiti. Nikamwendea mwalimu. Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, Mnyamwezi, anafundisha hisabati na kuongoza kwaya kanisani kwao. Wanyamwezi ni watani zetu, kwa hiyo siwezi kupata msaada wake bila kwanza kutukanwa.

"Mtani, nasikia unafanya tamasha," akasema. "Na wewe utahudhuria, au utaangalia kwa tundu la ufunguo?"

"Nataka mabenchi ya kanisa lenu."

"Yaje yenyewe?"

"Utabeba wewe. Babu zako si walipita hapa na mizigo ya watu kichwani?"

"Walipita. Na babu zako walikuwa wamelala, ndiyo maana hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi."

Mabenchi nikapata. Muziki bado. Ndipo nikakumbuka mdundiko.

Mdundiko nimeusikia maisha yangu yote, kupitia ukuta. Kila mwali anapotolewa, kila arusi, kila sikukuu. Na nilikuwa na maoni ya kitaalamu juu yake. Huanza polepole, ngoma za mbali kama moyo wa mtu aliyelala. Halafu hupanda. Hupanda mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Kisha hushuka taratibu, hushuka, hushuka, mpaka unabaki na kimya kizuri. Niliwahi kumwambia mwalimu kwamba hakuna kwaya yenye nidhamu ya namna ile, kupandisha na kushusha sauti kwa ustadi kiasi hicho. Naapa haikuwahi kunijia kwamba ulikuwa unapita.

Kundi lenyewe lilikuwa la Mtawanya, na kiongozi wake mama mmoja mpana, mwenye filimbi shingoni na sauti ya kuuzia samaki. Nilimwita barazani tukubaliane.

"Tunaanzia kwako?" akauliza.

"Mnaanzia kwangu."

"Na mwisho?"

"Hapa hapa."

"Hapa hapa?" Akaangalia ndani, akaona mabenchi yaliyopangwa mistari, akaniangalia mimi. "Haya. Kila mtu na Idd yake."

Alipoondoka, mwalimu, ambaye alikuwa akisahihisha madaftari kwenye benchi la kanisa lake kuhakikisha siliuzi, akainua kichwa. "Mtani, hivi hii ngoma watu wanaisikiliza wamekaa?"

"Bwana wee, mtu wa bara ngoma za pwani utazijulia wapi?"

Akarudi kwenye madaftari yake. Nataka iandikwe kwamba aliuliza.

Idd pili ilifika. Kina mama wa jirani walipika pilau uani, sufuria mbili ambazo ungeweza kuogea. Nikavaa kanzu ya Idd na koti la marehemu baba. Watu walianza kuingia baada ya adhuhuri, kwanza kwa kusitasita, kwa sababu wengi walikuwa hawajawahi kuona ndani ya nyumba hii na walidhani ina majini. "Kumbe pazuri!" akasema mmoja. "Mbona boriti zote hizi, ilikuwa ghala?" Wakakaa. Mabenchi yakajaa, madirisha yakajaa, baraza ikajaa. Wazee waliposikia kwamba pembe ya santuri bado ipo, wakadai kuonyeshwa, nikamtoa kuku kwa heshima na kuwaonyesha. Mzee mmoja alitumbukiza kichwa humo, akavuta pumzi, akasema bado inanuka Idd ya zamani. Ilikuwa inanuka kuku, lakini sikumharibia.

Uani wapigaji walikuwa wakizipasha ngoma moto kwa majani makavu, wakizigonga, wakizisikiliza, wakizipasha tena. Nami nikasimama mbele kwenye mkeka nikatoa hotuba. Nilisema habari za babu. Nilisema utamaduni. Nilisema "kwa maana hiyo" mara kadhaa kama diwani. Nilipiga jicho barabarani: shangazi bado. Sikujali. Nyumba ilikuwa imejaa, na iliyojaa imejaa, aje saa yoyote. Nikainua mkono.

Ngoma zikaingia kutoka uani, mama wa filimbi mbele. Lo! Mdundiko bila ukuta ni kitu kingine. Ulinipiga kifuani, ukaniingia kwenye meno. Nikafumba macho, nikisubiri upande kama ninavyoujua.

Nilipoyafumbua, mabenchi ya mbele yalikuwa matupu. Watu wamesimama, viuno vinakwenda, mabega yanakwenda, na mama wa filimbi alikuwa amenipa mgongo. Hakuwa akitumbuiza mtu. Alikuwa anatembea. Akavuka sebule, akavuka kizingiti, akashuka baraza, na nyuma yake ngoma, na nyuma ya ngoma mabenchi yote, na nyuma yao madirisha. Wapishi wakapita mbio, mmoja na mwiko mkononi unaodondosha pilau. Mzee wa pembe ya santuri akapita, fimbo amebeba begani.

"Mtani!" mwalimu akanipigia kelele kutoka mlangoni. "Tamasha linaondoka!"

"Lizuie!"

"Nilizuie na nini?" Na nikaona mabega yake, mabega ya hisabati, yameshaanza. Akajitahidi kidogo. Kisha naye akaenda.

Vikombe vikatetemeka kabatini. Halafu ngoma ikashuka, taratibu, ikashuka, ikashuka, kama ninavyoijua. Na mwisho wake ukabaki ule ule ukimya mzuri ambao nimeusifia miaka yote. Nikasimama katikati ya mabenchi yaliyopinduka, na kwa mara ya kwanza maishani nikaelewa muziki.

Mtu mwingine angekimbia kuwafuata. Mie nilimimina chai.

Sijafika nusu kikombe, bodaboda ikasimama nje. Shangazi akashuka na begi lake, akanyoosha baibui, akapanda baraza. Akasimama mlangoni. Akaangalia mabenchi. Akaniangalia mimi. Akaangalia kikombe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Naona tamasha limefana."

"Watu walikuwepo! Walijaa mpaka madirishani. Wametoka sasa hivi na mdundiko."

"Umeleta mdundiko ndani?"

"Ndiyo."

"Ukaupangia mabenchi?"

"Ya kanisani."

Shangazi alicheka. Alicheka akashika mlango, akacheka akakaa kwenye benchi, akavua miwani. "Baba, mdundiko ni ngoma ya njia! Hata mtoto wa kubebwa mgongoni anajua. Mtu akitaka kuhama mtaa anaufuata! Weye umezaliwa hapa hapa!"

"Sijawahi kutoka kuuona."

Akafuta machozi. Kisha akavaa miwani na kicheko kikaisha, kama redio iliyozimwa. "Lakini nilisema nikikukuta peke yako na kikombe."

"Ulisema."

"Na neno ni neno."

Akainuka akaanza kuzunguka vyumba, akigusa kuta kwa kiganja, kama mtu anayemuaga ng'ombe aliyekwisha kuuzwa. Nikamfuata na kikombe changu, maana sikujua pa kukiweka. Akaingia chumbani kwangu, chumba cha nyuma chenye dirisha dogo la juu. Hapo akaliinulia macho lile dirisha.

"Humu ndimo walimoniweka," akasema. "Nilipovunja ungo. Nilikaa mpaka nikawa mweupe kama mhogo uliomenywa. Idd ilipofika baba akaweka santuri dirishani kule mbele. Watu wote wa Kibiti walimsikiliza, na mie niliyekuwa ndani ya nyumba yake niliisikia kwa nyuma ya pembe. Kama mtu anayeongea na jirani huku amekupa mgongo."

"Na mdundiko?"

"Ulipita mara nyingi."

"Ukipanda, halafu ukishuka."

Akanigeukia. "Weye hukujua kwamba unapita. Mie nilijua. Ndiyo maana nilikuwa nalia." Akaligonga dirisha kwa kidole. "Mpaka siku moja ukapanda ukapanda, na haukushuka. Nikajua wameujia mlango huu. Wamenijia mie."

Nikamnyooshea kikombe changu, akakisukuma. Yeye akavuta kamasi na uso ukabadilika, nikauogopa zaidi kuliko ulipokuwa ukitaka kubomoa nyumba.

"Mdundiko haurudi kwa kuitwa," akasema. "Unarudi kwa mwali."

Akatoa kichwa dirishani sebuleni, kama ng'ombe, akampigia kelele bodaboda wake aliyekuwa bado nje akila embe. "Weye! Kimbia kwenye ngoma, umwambie kiongozi wao kwamba nyumba ya boriti kuna mwali anatolewa leo hii!"

"Mwali nani, bibi?"

"Ntakupiga kiatu! Sema hivyo hivyo!"

Pikipiki ikaondoka. Shangazi akafungua mkoba, akatoa doti ya khanga mpya, ya Idd, bado inanuka duka. Akaikunjua. Akanitazama.

"Shangazi, hapana."

"Kaa chini."

"Mie mwanamume!"

"Nani kabisha? Mtaa mzima unakuita mwali, na mwali asipotolewa ni aibu ya shangazi yake. Kaa chini. Au unataka mafundi?"

Kati ya khanga na nyundo, nilikaa. Akanifunika gubigubi, moja kiunoni juu ya kanzu ya Idd, nyingine kichwani mpaka kifuani, nikabaki naona wekundu mtupu na kusikia pumzi zangu. Akanirudisha chumba cha nyuma, tukakaa kwenye mkeka, mimi na yeye, tukisubiri. Akanishika mkono. Mkono wa pili ulikuwa bado na kikombe.

Ngoma ikaja. Kwanza mbali, kama moyo wa mtu aliyelala. Kisha ikapanda. Kabati likaanza kulia. Ikapanda, ikapanda. Nikawa nasubiri ishuke, kwa mazoea ya maisha mazima. Haikushuka. Ikaingia barazani, ikaingia sebuleni, boriti za babu zikadondosha vumbi la miaka, na vidole vya shangazi vikanibana mpaka nikahisi pete yake. Mlango wa mbele ukalia kraa! Hiyo ilikuwa bawaba. Vigelegele vikajaa nyumba yote.

"Simama, baba," akaninong'oneza. "Tembea kwa adabu."

Akanitoa. Umati ukanyamaza kwanza, maana mwali ni jambo la heshima. Kisha kutoka chini, usawa wa miguu yangu, nikasikia sauti ya mama wa filimbi.

"Mwali ana sugu."

"Mwali ana kanzu!" akasema mwingine.

"Jamani, mwali ana koti!"

Shangazi akafunua. Nyumba iliyochukua sauti ya santuri na Idd zote za babu ilikuwa haijawahi kusikia kelele kama ile. Watu waliegemeana. Mzee wa fimbo alikaa chini sakafuni kabisa, akipiga boriti ya mlango kwa kiganja. Mwalimu akapenya, jasho linamtiririka, akainama mbele yangu. Mwali akifika mlangoni hatembei tena kwa miguu yake, hubebwa begani.

"Panda, mtani."

"Niache."

"Panda. Wanyamwezi tumezoea mizigo."

Nikapanda. Kichwa changu kikagonga kizingiti cha babu, ambacho hakikukusudiwa mtu wa kimo hicho, na nikatoka. Walinipitisha lami mpaka stendi, wapiga debe wa mabasi wakaacha abiria wao wakaja kucheza, wakanizungusha soko zima, na nikaona Kibiti kwa juu, mabati yake na minazi yake, nikiwa na khanga shingoni na nundu kwenye paji la uso. Ni mji mkubwa kuliko nilivyodhani. Watu walinitunza pipi. Sijui kwa nini pipi.

Tuliporudi, pilau ilikuwa imepoa na hakuna aliyejali. Shangazi alikuwa amekaa barazani, peke yake, anakunywa chai kwenye kikombe changu.

"Ilijaa?" nikamuuliza kutoka juu ya mabega ya mwalimu.

"Ilijaa."

"Walikuja kunicheka tu."

"Sikutaja watakuja kufanya nini." Akanywa. "Shuka, unamuumiza mtoto wa watu."

Idd tatu mafundi walifika, kama alivyoahidi. Nilipowaona na nyundo zao roho iliniruka, mpaka mmoja akauliza ni mlango upi umeng'oka bawaba. Shangazi alisimama nyuma yao akiwaelekeza, na begi lake halikuwa limefungwa kwa safari. Lilikuwa chumbani kwangu, limefunguliwa, nguo zimetundikwa kwenye misumari yangu.

"Mwali akishatolewa hakirudii chumba chake," akasema. "Hujui hata hilo?"

Amekaa mpaka leo. Dar anakwenda kusalimia tu. Mie nalala sebuleni, chini ya boriti, jirani na pembe ya santuri, na kuku amekataa kurudi humo mpaka wageni wapungue, nao hawapungui, kwa sababu shangazi anajua kila mtu na kila mtu anapiga hodi. Fremu hazikujengwa. Lakini kila asubuhi, kabla hata sijamimina chai, nasikia sauti yake kutoka kile chumba cha nyuma.

"Baba! Nazi zimekwisha. Kamata kikapu, njia unaijua, ulipitishwa juu juu."